Alijifungua Akiwa na Minyororo Miguuni

Tarehe 27 Mei 2014, katika gereza la wanawake la Omdurman nchini Sudan, mama mmoja kijana alijifungua mtoto wa kike, akamwita Maya. Miguu ya mama huyo ilikuwa na minyororo. Siku 12 kabla ya hapo mahakama ilikuwa imemhukumu anyongwe hadi kufa, na kwanza achapwe viboko 100. Mtoto wake wa kwanza, Martin, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili, alikuwa humo humo gerezani pamoja naye.

Jina la mama huyo ni Meriam Yahia Ibrahim Ishag. Kosa lake, kwa maneno ya mahakama, lilikuwa kuritadi, yaani kuiacha dini ya Kiislamu na kuwa Mkristo. Kosa la pili lilikuwa zinaa. Naye alizini na nani? Na mume wake wa ndoa ya kanisani!

Akina mama wapendwa, habari hii ilizunguka dunia nzima wakati ule, na bila shaka wengi wenu mliisikia redioni au mliiona katika magazeti. Lakini habari za magazeti hupita haraka. Sisi wauguzi tunaotumikia pia kanisani tumeona vema kuirudia polepole, kwa sababu ndani yake yamo mambo yanayomgusa kila mwanamke aliyeolewa na kila mwenye watoto. Tena kila mara tunapoizungumza katika vikundi vyetu, maswali huwa ni yale yale: Je, sheria kama hiyo ipo kweli? Nani aliyemshtaki? Na ingekuwaje kama angekuwa binti yetu?

Mama Mhabeshi, baba Mwislamu

Meriam alizaliwa mashariki ya Sudan, katika jimbo la Gedaref, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mama yake alikuwa Mhabeshi, Mkristo wa Kanisa la Orthodox. Baba yake alikuwa Msudani Mwislamu, naye aliiacha familia wakati binti akiwa bado mdogo. Basi mtoto alilelewa na mama peke yake, na mama akamlea katika imani aliyokuwa nayo. Meriam alipokua alisoma hadi chuo kikuu, na habari za wakati ule zilimtaja kuwa ni daktari. Muda mfupi kabla ya ndoa alijiunga na Kanisa Katoliki. Mwaka 2011 akaolewa na Daniel Wani, Mkristo mwenye asili ya Sudan ya Kusini na raia wa Marekani. Bwana huyu ana ugonjwa wa misuli na hutembelea kiti cha magurudumu, na mambo mengi ya kila siku alimtegemea mkewe.

Sasa tazameni jinsi sheria ilivyomnasa. Kwa sheria ya Sudan ya wakati ule, mtoto wa baba Mwislamu ni Mwislamu, hata kama baba huyo hakuonekana nyumbani miaka yote. Alichomfundisha mama hakihesabiwi. Na mwanamke Mwislamu haruhusiwi kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu; ndoa ya namna hiyo ni batili, kana kwamba haikufungwa kamwe. Kwa hiyo mke aliyefunga ndoa mbele ya padre na mashahidi aligeuka siku moja kuwa mzinzi, na mtoto wake kuwa mtoto wa haramu. Si kwa sababu ametenda jambo jipya, bali kwa sababu mtu alikwenda kumshtaki.

Mashtaka ya zinaa yaliletwa mwaka 2013 na watu waliojitambulisha kuwa ndugu zake wa upande wa baba. Yeye alisema hawajui. Alipojitetea mahakamani kuwa ni Mkristo, na kwamba kwa sababu hiyo ndoa yake ni halali, maneno hayo yenyewe yakazaa shtaka la pili, la kuritadi, lililo kubwa kuliko la kwanza. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya Sudan ya mwaka 1991 kilisema kwamba anayeritadi apewe nafasi ya kutubu, na akikataa auawe. Mtego ulikuwa huo: akinyamaza, ni mzinzi, akisema ukweli, ni mritadi.

Mapema mwaka 2014 aliwekwa gerezani, tayari akiwa mjamzito. Martin akaenda pamoja naye. Baba alimtaka mtoto abaki nyumbani, lakini mwanasheria wao alieleza kwamba hakukubaliwa, kwa vile kwa macho ya serikali mtoto alikuwa Mwislamu na baba alikuwa Mkristo.

Mwezi Mei mahakama ilimpa siku tatu abadili mawazo. Tarehe 15 Mei, kabla ya hukumu, kiongozi mmoja wa dini ya Kiislamu alizungumza naye kwa muda akimsihi arudi. Kisha hakimu, akimwita kwa jina la Kiislamu ambalo yeye halikubali kuwa lake, akamwuliza msimamo wake. Meriam akajibu kwa utulivu kuwa yeye ni Mkristo na kwamba hakuritadi. Ndipo akahukumiwa. Kwa kuwa alikuwa mjamzito, kunyongwa kuliahirishwa mpaka ajifungue na amnyonyeshe mtoto kwa miaka miwili.

Tumelifikiria sana jambo hilo la miaka miwili. Kila mwezi tunawapima watoto kliniki, na akina mama hufurahi kuona mstari wa kadi ukipanda. Mtoto ameota jino. Mtoto ameanza kutambaa. Kwa Meriam kila hatua ya mtoto ingekuwa hatua ya kuelekea kwenye kitanzi.

Minyororo katika chumba cha uzazi

Hapa mtuvumilie, maana tunaingia katika kazi yetu wenyewe.

Ninyi mliokwisha kuzaa mnajua kwamba uchungu unapokaza, mwili wenyewe hutafuta mkao. Mmoja huchuchumaa, mwingine hupiga magoti, mwingine hutembea huku ameshika kiuno, na mkunga mwenye busara humwacha afanye hivyo kwa sababu mkao mzuri humsaidia mtoto kushuka. Wakati wa kusukuma, mapaja hayana budi kupanuka. Na dharura nazo hutokea. Wakati mwingine kichwa kinatoka lakini mabega yanakwama. Hapo hatuna muda wa kutafuta ufunguo. Watu wawili hushika miguu ya mama, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakaikunja mpaka magoti yafike karibu na kifua ili nyonga ipanuke. Mwenye minyororo utamkunja vipi? Au mtoto amezaliwa salama, kondo la nyuma limetoka, lakini damu haikomi. Mama anayetokwa damu namna hiyo anaweza kufariki kwa muda mfupi sana, na kila kinachomzuia muuguzi kumfikia, kumgeuza au kumkimbiza mahali penye upasuaji ni kifo kinachosubiri.

Meriam alieleza baadaye, katika mahojiano na CNN, kwamba hakuweza kupanua miguu, hata wanawake waliokuwa pale ikawabidi wamwinue kutoka kitandani. Alihofu kwamba mtoto amepata madhara na kwamba huenda atahitaji msaada wa kutembea atakapokua. Sisi hatukumpima Maya, na si haki ya muuguzi kumtolea maelezo mgonjwa ambaye hajamwona. Lakini hofu hiyo ya mama tunaielewa.

Tangu mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulikwisha kupitisha kanuni za kuwatendea wafungwa wanawake, zinazoitwa Kanuni za Bangkok, nazo zinakataza kabisa kumfunga pingu au minyororo mwanamke aliye katika uchungu, anayejifungua au aliyetoka kujifungua. Mwaka 2015 katazo hilo likawekwa tena katika Kanuni za Nelson Mandela. Wala tusidhani kuwa Sudan ilikuwa peke yake katika aibu hii. Marekani, nchi ambayo baadaye ilimpokea Meriam, nayo ilikuwa na magereza yaliyowafunga pingu wanawake katika uchungu, mpaka sheria ya mwaka 2018 ilipozuia jambo hilo katika magereza ya serikali ya shirikisho.

Kufunguliwa, kukamatwa, kufunguliwa

Kelele zilikuwa kubwa. Mamia ya maelfu ya watu katika nchi nyingi walitia sahihi kumwombea aachiwe, na serikali kadhaa za Ulaya zikalalamika wazi. Lakini tungependa mkumbuke pia mawakili wa Kisudani waliosimama naye pale pale Khartoum bila kudai malipo. Walitishiwa kuuawa. Hoja yao haikuwa ya kigeni: katiba ya mpito ya Sudan ya mwaka 2005 ilitoa uhuru wa kuabudu, na Sudan yenyewe ilikuwa imejiunga tangu mwaka 1986 na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao unalinda uhuru wa mtu kuwa na dini aliyoichagua.

Tarehe 23 Juni 2014 mahakama ya rufani ilifuta hukumu. Kesho yake, familia ikiwa kiwanja cha ndege cha Khartoum tayari kuondoka, ikakamatwa tena, safari hii kwa madai kwamba hati ya kusafiria ya Meriam, iliyotolewa na Sudan ya Kusini, ilikuwa na kasoro. Siku mbili baadaye akaachiwa, akakimbilia ubalozi wa Marekani, na hapo wakaishi karibu mwezi mzima. Serikali ya Italia ikafanya mazungumzo. Tarehe 24 Julai ndege ya serikali hiyo ilimchukua yeye, mumewe na watoto wawili mpaka Roma, ambako siku hiyo hiyo alipokelewa na Papa Fransisko. Mwisho wa mwezi walifika Marekani. Miaka minane baadaye, mwaka 2022, alitoa kitabu kuhusu maisha yake.

Wengine ambao ndege haikuja

Si wote waliopata ndege. Nchini Iran, mchungaji Hossein Soodmand, aliyeuacha Uislamu akiwa kijana, alinyongwa katika mji wa Mashhad mwezi Desemba 1990. Aliacha watoto wanne na mke asiyeona. Tumewahi kusoma habari zake mara nyingi zikiwa na sifa za ushujaa wa mchungaji, na ni haki yake. Lakini mawazo yetu hubaki kwa yule mjane. Nani alimshika mkono kwenda sokoni? Nani aliwajibu watoto walipouliza?

Katika nchi hiyo hiyo, mchungaji Mehdi Dibaj alikaa gerezani karibu miaka kumi, akahukumiwa kifo mwezi Desemba 1993, na akaachiwa Januari 1994 baada ya askofu Haik Hovsepian Mehr kuipazia sauti kesi yake duniani. Siku chache baada ya Dibaj kutoka, askofu huyo alitoweka, kisha akakutwa ameuawa. Dibaj naye aliuawa katikati ya mwaka ule ule.

Kesi ya mchungaji Youcef Nadarkhani wa mji wa Rasht ina jambo ambalo kila mzazi atalielewa. Matatizo yake ya mwaka 2009 yalianza alipokwenda kulalamika kwamba wanawe wanalazimishwa kusoma dini ya Kiislamu shuleni. Mwaka 2010 akahukumiwa kifo kwa kuritadi. Mkewe naye alitiwa gerezani kwa miezi kadhaa mwaka huo, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha hukumu hiyo ikafutwa. Watoto wao wawili wakawa hawana baba wala mama nyumbani. Mchungaji aliachiwa Septemba 2012, lakini mwaka 2018 alifungwa tena kwa mashtaka mengine.

Afghanistan, mwaka 2006, alikamatwa mtu aitwaye Abdul Rahman. Alikuwa amempokea Kristo miaka 16 nyuma, alipokuwa akifanya kazi na shirika la Kikristo lililowahudumia wakimbizi wa Kiafghani huko Peshawar, Pakistan. Miaka yote hiyo hakuna mahakama iliyomwita. Nini kilichomfikisha kizimbani? Ugomvi wa nani akae na watoto. Alirudi nyumbani kuwadai binti zake, na jamaa zake mwenyewe wakaieleza polisi kuwa ni Mkristo. Naye aliokolewa na Italia.

Na si kila mahali adhabu ni kamba. Malaysia, nchi yenye amani na maendeleo, mwanamke aitwaye Lina Joy alibatizwa mwaka 1998. Alitaka neno moja tu liondolewe katika kitambulisho chake, neno linalosema kuwa yeye ni Mwislamu, kwa sababu likibaki hawezi kuolewa kwa sheria na mchumba wake Mkristo. Alihangaika mahakamani miaka mingi. Tarehe 30 Mei 2007 mahakama ya juu kabisa, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikasema hapana, aende kwanza mahakama ya dini akapate kibali cha kutoka. Hakupigwa wala kufungwa. Alinyimwa tu kuwa mke wa mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako

Ukiziweka kesi hizi pamoja unaona jambo la kusikitisha. Kwa Meriam na kwa Abdul Rahman, serikali haikuja kupekua nyumba usiku ikitafuta waliobadili dini. Walioleta habari walikuwa watu wa nyumbani, au waliojiita hivyo. Mmoja wa waliojitambulisha kuwa kaka zake Meriam alisema mbele ya waandishi kwamba dada yao asipotubu basi auawe.

Kwa nini ndugu afike huko? Tumekaa na akina mama wengi vitandani, wa dini zote, na tumesikia mengi. Mara nyingi ni aibu: jamaa wanaona kwamba watu mtaani watawacheka, na binti zao wengine hawataposwa. Wakati mwingine ni mali, kwa maana katika sheria ya mirathi ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na palipo na shamba au nyumba, tofauti ya dini huwa na faida kwa mtu fulani. Wakati mwingine ni watoto, kama tulivyoona Afghanistan. Na wakati mwingine, tusikatae, ni imani ya kweli ya mtu anayeamini kwamba anamwokoa ndugu yake na moto. Sheria ya kuritadi huyachukua magomvi haya ya ndani, ambayo kila ukoo unayo, na kuyatia kisu mkononi.

Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe hawako kauli moja. Wapo wanaoshika mafundisho ya zamani ya sheria kwamba mritadi auawe, na wapo wanaojibu kuwa Kurani, katika sura ya Al-Baqarah aya ya 256, inakataa kulazimishana katika dini, na kwamba adhabu ya mtu aliyeacha imani ni ya Mungu mwenyewe. Sudan ilikwisha kuona ubaya wa sheria hii hata kwa Waislamu. Mwanazuoni Mahmoud Mohamed Taha, Mwislamu aliyetaka mageuzi, alinyongwa Khartoum tarehe 18 Januari 1985 kwa kosa hilo hilo la kuritadi. Mwaka uliofuata mahakama kuu ikaitangaza hukumu ile kuwa batili, lakini mzee alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo anayeichukua habari ya Meriam na kuifanya fimbo ya kumpigia jirani yake Mwislamu, yule anayemletea futari na kumlelea watoto akiwa zamu ya usiku, hajaielewa hata kidogo.

Sheria imefutwa, je, mambo yameisha?

Julai 2020, baada ya utawala wa Omar al-Bashir kuangushwa, serikali ya mpito ya Sudan ilifuta adhabu ya kifo kwa kuritadi. Katika mabadiliko hayo hayo ukeketaji ukawa kosa la jinai, na mama akaruhusiwa kusafiri na watoto wake nje ya nchi bila kuomba ruhusa ya mwanamume wa ukoo. Sisi tulishangilia, tena sana.

Lakini Oktoba 2021 jeshi likaipindua serikali hiyo. Mwaka 2022, huko Zalingei katika Darfur ya Kati, Wakristo wanne walikamatwa na kushtakiwa kwa kuritadi, kana kwamba hakuna aliyewaambia polisi kuwa kifungu kile kilikwisha kufutwa. Kesi ikatupwa mwezi Septemba. Mwaka huo huo, katika jimbo la Al Jazirah, mume na mke walishtakiwa kwa zinaa. Mume alikuwa ameingia Ukristo, jamaa za mke wakaiendea mahakama ya dini ikaivunja ndoa, kisha mke naye akaamini na kurudi kwa mumewe. Ndugu wa mke akashtaki. Mnaona, kosa la kuritadi limeondoka, lakini ule mlango wa zinaa aliopitishwa Meriam haukufungwa. Na tangu Aprili 2023 Sudan imo vitani, na katika vita hakuna anayeuliza sheria inasemaje. Katika Iran, Afghanistan, Saudi Arabia, Yemen na Mauritania, mtu aliyeuacha Uislamu bado anaweza kuhukumiwa kifo.

Kwetu, na kwa watoto wetu

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 19, inataja uhuru wa mtu kuwa na imani na hata kuibadili. Kenya, katika katiba ya mwaka 2010, ina ibara ya 32. Hakuna hakimu wa kwetu atakayemwuliza binti wa Kikristo au wa Kiislamu kwa nini amebadili dini. Tunamshukuru Mungu.

Lakini uhuru huo una pande mbili, na hapa ndipo mazungumzo yetu katika umoja wa wanawake huwa makali. Tunapomwombea dada aliyetoka Uislamu, wote tunasema amina. Halafu tunauliza: na binti yako wa kumzaa, uliyempeleka Sunday School mwenyewe, akija na kijana Mwislamu akasema anasilimu, utafanyaje? Ukumbi hunyamaza. Mama mmoja husema atamfukuza. Mwingine atamlaani. Mwingine atamficha wajukuu. Tumewahi kumhudumia wodini binti mwenye mimba ya kwanza ambaye mama yake, mwimbaji wa kwaya, hakutia mguu hospitalini hata siku moja kwa sababu hiyo, na kabla ya kuingia chumba cha uzazi binti alikuwa akituuliza kama kuna mtu yeyote aliyekuja kumwulizia.

Mama ana haki ya kuumia. Ana haki ya kusema wazi kwamba hakubaliani, na ya kuomba kwa machozi usiku na mchana. Lakini kumtenga mtoto, kumnyima chakula, kumtishia, kumvunjia ndoa, hayo ndiyo yale yale tunayoyalia tukisikia ya Sudan, ila tu hayana muhuri wa mahakama. Kwa maoni yetu, mwenye kumtaka Meriam awe huru lazima amwache na huyu awe huru, hata kama moyo unachuruzika damu. Wapo wenzetu wasiokubaliana nasi katika hili, nao wana sababu zao. Sisi tumeona wodini matunda ya kutengwa, wala hatujaona hata mmoja aliyerudi kanisani kwa sababu ya kufukuzwa nyumbani.

Kisha kuna yule dada anayekuja kwetu. Huja siku ya ibada, ameketi kiti cha nyuma, na baada ya wiki chache anasema anataka ubatizo. Kosa la makanisa mengi ni furaha iliyopita kiasi. Anasimamishwa mbele, anapigwa picha, anaombwa atoe ushuhuda wa kuusema vibaya ukoo wake, na kabla hajafika nyumbani habari imemtangulia. Baada ya mwezi, wale waliopiga vigelegele hawajui analala wapi. Tunawasihi akina mama wa vikundi msikubali jambo hilo. Mwacheni yeye mwenyewe achague siku ya kuwaambia watu wake, na maneno ya kuwaambia. Msimsukume avunje undugu. Salamu za mama yake ni mali, azitunze. Kama ameolewa, tena ana watoto, msimshauri atoroke usiku kabla hajazungumza na mwanasheria au ofisi ya ustawi wa jamii, kwa sababu kosa dogo la usiku mmoja laweza kumpotezea watoto.

Na aliyefukuzwa, msimpe Biblia tu na maombi. Mahitaji yake ni kama ya mgeni yeyote aliyefika mikono mitupu: mahali pa kulala, mtu wa kuzungumza naye jioni, kazi. Mwangalieni usingizi wake na chakula chake. Anayekaa wiki nzima bila kulala, anayeshtuka kila mlango ukigongwa, au anayesema heri afe, huyo mpelekeni kwa mganga wa hospitali bila kusema ana imani haba. Akiwa mjamzito ahudhurie kliniki tangu mwanzo, na mmoja wenu amsindikize siku ya kujifungua, maana hatakuwa na mama mkwe wala shangazi wa kumshika mgongo. Vyeti vyake vya kuzaliwa, vya shule na vya watoto, mwulizeni viko wapi, na kama vimebaki nyumbani atafutwe mzee wa heshima wa kwenda kuviomba kwa amani. Kadi ya mtoto ya chanjo ikikosekana, msimwache akae nyumbani akiisubiri. Njooni naye kliniki hivyo hivyo, mtupe tarehe ya kuzaliwa na chanjo anazozikumbuka, nasi tutamfungulia kadi nyingine siku hiyo hiyo.